Kuziba mashimo ya ramani ya Nyiragongo kwa L-BFGS, laptopu ikiwa na RAM ya gigabaiti 8

Ramani ya miinuko ya volkano ya Nyiragongo (Kongo) na kando zake, vyumba 1,000 kwa 1,000 vya mita 30, ina namba milioni moja za kutafuta. Kwenye miteremko mikali rada iliacha mashimo, na vipimo vingine vimepotoka vibaya. Ninatafuta namba zinazofanya jumla ya adhabu za kupishana na vipimo iwe ndogo kabisa, na ndiyo sababu ninatumia adhabu ya Huber (kosa dogo huadhibiwa kwa mraba, kubwa kwa mstari tu), isiyoburuzwa na kipimo kimoja kibovu. (Kwa jumla ya miraba mitupu ya makosa, mbinu nyepesi ya gradienti shirikishi, conjugate gradient, ingetosha.)

BFGS kamili, mbinu ya kushuka hatua kwa hatua inayokumbuka kwenye jedwali zima jinsi mteremko unavyobadilika, haiingii kwenye RAM hii: matrisi ya milioni kwa milioni, baiti 8 kila namba, ni terabaiti 8. L-BFGS, iliyotokana na kazi ya Jorge Nocedal ya mwaka 1980, huweka jozi m za mwisho tu, kila moja kati ya hatua mbili: s, tofauti ya mahali (namba zote milioni), na y, tofauti ya gradienti (mteremko wa adhabu hapo mahali). Kwa m = 10 ni megabaiti 160. Kupandisha m kupita 20 mara nyingi hakulipi.

Mwelekeo wa hatua inayofuata unapatikana kwa kuipitisha gradienti kwenye jozi hizo kwa mizunguko miwili. Wa kwanza unaanza na jozi mpya kurudi kwa ya zamani. Kisha unazidisha matokeo kwa s·y / y·y ya jozi ya mwisho (nukta ni kuzidisha namba kwa namba na kujumlisha). Wa pili unatoka ya zamani kwenda mpya. Ukiipeleka yote miwili upande mmoja, mwelekeo unaweza kupanda badala ya kushuka, na programu hailalamiki. Mimi hukagua kila hatua kwamba gradienti mara mwelekeo ni hasi.

Urefu wa hatua: jaribu 1 kwanza, kwa masharti mawili ya Wolfe: adhabu ipungue vya kutosha (0.0001), na mteremko kwenye mwelekeo huo ulegee vya kutosha (0.9). Hatua ya mwanzo kabisa haina jozi, kwa hiyo gawa mwelekeo kwa urefu wa gradienti. Ukipunguza hatua nusu-nusu bila sharti la pili, s·y yaweza kukaribia sifuri. Jozi hiyo itupe. Na usitumie namba za biti 32: ukikaribia adhabu ndogo kabisa, gradienti mbili zinafanana mno, ukizitoa unabaki na makosa ya kukadiria tu.

Halafu kuna umeme wa Goma, jiji la karibu na Nyiragongo, unaokatika. Kuhifadhi mahali ulipofika peke yake hakutoshi, maana ukiwasha tena unaanza bila jozi na hatua zinazembea. Andika mahali, gradienti na jozi zote, kama megabaiti 176, kwenye faili la muda, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya faili la zamani. Umeme ukikatika katikati, faili la zamani liko salama.