Unga wa ngano, risasi na ndoo ya mzee

Saa 11:10 alfajiri. Julai ya Dodoma ina baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka iwakute. Upepo umevuma usiku kucha na bati la jirani limepiga kelele mpaka nikaamka kabla ya kengele ya simu. Navaa sweta, najifunga kanga juu yake, natoka Nkuhungu kuwahi daladala ya kwanza. Kazi yenyewe haianzi mapema hivi, ila nina chupa sita zinazozunguka kwenye roli, mashine ya kuzungushia chupa, tangu jana, na lazima nizione kabla sijanywa chai.

Mimi ni fundi wa maabara ya madini. Nikisema hivyo mtaani, watu wanadhani nashinda nikichezea dhahabu. Dhahabu yote niliyoipima mwaka huu ukiikusanya pamoja, sidhani kama inatosha kutengeneza hereni moja.

Saa 12:15 nafungua mlango. Chupa ziko kwenye roli zinageuka polepole. Ndani ya kila moja kuna marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, na kuoshwa kwa zebaki, pamoja na maji, chokaa na sayanaidi kidogo, ile sumu inayoyeyusha dhahabu. Huu ni utafiti wangu mwenyewe, ninaoufanya kati ya kazi za wateja: kujua marudio ya upande wa Singida yanatoa dhahabu kiasi gani kwa saa 24, na kiasi gani kwa saa 48. Zebaki hukamata zile punje zilizo huru tu, na mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki kwenye mchanga. Ndiyo maana siku hizi rundo la marudio lina bei, na watu wanagombana kwa sababu yake.

Napima pH kwanza, yaani kipimo cha uasidi wa maji, chupa moja moja. Tano ziko 10.6 hivi. Ya nne iko 9.8. Nawasha feni ya kutolea hewa, naongeza chokaa, nasubiri. pH ikishuka sayanaidi hugeuka gesi, na gesi hiyo inaua, kwa hiyo hapa sina utani na mtu. Kisha nachota maji kidogo ya kila chupa na kudondosha naitreti ya fedha tone kwa tone mpaka uone ukungu wa njano. Hapo ndipo unajua sayanaidi iliyobaki ni kiasi gani. Chupa ya nne imemaliza karibu yote. Inakula sayanaidi kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi! Nahisi ni shaba. Nilipopokea mchanga ule niliona vijiwe vyenye rangi ya kijani na sikutilia maanani. Naandika daftarini.

Saa 1:30, chai na chapati mbili kwa mama wa kibandani.

Saa 2 kamili mzee yuko tayari kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Alileta ndoo yake ya marudio juzi kutoka upande wa Sekenke, huko huko Singida, akapanda basi nayo, akaishika mapajani njia nzima asije mtu akaibadilisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Yameiva?"

"Bado mzee. Leo ndiyo yanaingia motoni."

Anacheka. Mzee anajua dhahabu kuliko mimi, kwa namna yake. Sekenke walichimba tangu enzi za Mjerumani. Dhahabu ilionekana pale mwaka 1909, na inasemwa ndiyo iliyotumika kutengeneza zile sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, zenye picha ya tembo. Babu yake mzee alibeba mawe huko. Yeye ana rundo ambalo anakisia ni tani 400, na madalali wawili wamemwambia lina gramu tano mpaka sita kwa tani. Ukipiga hesabu hiyo unapata zaidi ya kilo mbili za dhahabu. Ameshauza mbuzi ili alipie vipimo na nauli.

Saa 2:40 naanza kuchanganya. Hapa ndipo wanafunzi wa fildi, wale wa mafunzo kwa vitendo, hushangaa. Kila sampuli ni gramu 30 za unga uliosagwa laini kuliko sembe. Unachanganya na oksidi ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), magadi, boraksi, mchanga wa silika, na halafu, ndiyo, unga wa ngano. Ule ule wa chapati. Kaboni iliyomo kwenye ngano huinyang'anya oksidi ya risasi hewa yake, inabaki risasi tupu. Gramu moja ya unga hukupa kama gramu kumi hivi za risasi. Risasi hiyo ikiyeyuka inashuka ndani ya chungu kama mvua ndogo, ikipita inakusanya dhahabu na fedha zote, mpaka zinatulia chini. Mwenzangu mmoja aliwahi kutumwa dukani akaleta unga wenye hamira. Sitasimulia kilichotokea tanuruni.

Vyungu 24: sampuli 20, standadi mbili zenye kiasi cha dhahabu kinachojulikana, pacha moja, yaani sampuli iliyorudiwa, na blanki moja, yaani mchanga ambao tunajua hauna kitu. Blanki ndiyo shahidi wangu. Inasagwa kwenye mashine ile ile, inapita njia ile ile, na mwisho inatakiwa kusema: sina kitu.

Saa 3:30 mpaka saa 4:30, tanuru kwenye nyuzijoto 1,050. Koti la alumini, ngao ya uso, glavu ndefu. Baridi ya alfajiri nimeshaisahau. Unatoa chungu kwa koleo, unamimina kwenye kalibu ya chuma, na kile kitu chekundu kinaingia bila sauti. Kikipoa unapiga nyundo, slagi, yaani ule uchafu ulioyeyuka ukaganda, inavunjika kama chupa, unabaki na kitufe cha risasi unachokigonga mpaka kiwe mchemraba. Nikiwa na huzuni zangu za kifamilia, hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda.

Kisha vitufe vinaingia kwenye vikombe vya majivu ya mifupa, nyuzijoto 950. Risasi inageuka oksidi na kikombe kinainywa yote. Kinachobaki ni kipunje cha fedha tuliyoiongeza makusudi, na dhahabu imejificha ndani yake. Saa 6 kasoro vyote viko nje vinapoa.

Nayeyusha vipunje kwa asidi, fedha kwanza, dhahabu baadaye. Hii ni kazi ya subira tu.

Saa 7:20 nakula ugali na mlenda pamoja na rafiki yangu tuliyesoma wote UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, yeye akasomea petroli. Yuko kwenye kazi za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, kilomita 1,443, na linapita mkoani kwetu hapa. Ananitania kuwa mimi napika chapati za risasi. Nami namwambia yeye anapasha samli moto, maana mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, na bomba lote lazima litunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50. Tunacheka, analipa yeye.

Saa 9:05, mashine ya AAS, inayosoma kwa mwanga kiasi cha dhahabu kilichomo kwenye asidi. Nazivuta sampuli moja moja na kusoma namba. Standadi ya kwanza nzuri. Pacha nzuri. Namba 11: 310. Nasimama. Gramu 310 kwa tani si marudio, hilo ni jiwe lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, na mteja aliyelileta hakusema neno. Namba 12, ya mzee: 5.1. Namba 13, blanki: 0.8.

Blanki ina dhahabu.

Namwita kijana wa fildi. "Jana baada ya namba 11 uliosha bakuli la kusagia kwa mchanga?"

"Nilipuliza kwa hewa, dada."

Alipuliza kwa hewa. Simlaumu sana, kwa sababu mimi ndiye niliyemwachia mashine saa 11 jioni nikaenda kuhangaika na chupa zangu. Vumbi la jiwe lile lilibaki bakulini, likaingia kwa mzee, na mabaki yake yakafika mpaka kwenye blanki. Fikiria hivi: punje moja ya dhahabu yenye upana wa sehemu mbili za kumi za milimita, ikiingia kwenye gramu zangu 30, inapandisha jibu kwa karibu gramu tatu kwa tani. Punje moja! Huioni hata ukiitafuta.

Ubaya ni kwamba 5.1 ndiyo namba hasa aliyotaka mzee. Ningeiandika, angeshukuru, angesaini mkataba wa kuleta mtambo.

Saa 10 natoka nje na kukaa naye kwenye benchi. Namwambia jibu halijatoka, kwamba kosa ni letu, tutasaga upya kutoka kwenye akiba ya ndoo yake, halipi kitu. Ananyamaza muda mrefu.

"Lakini ulipata ngapi?"

"Siwezi kukutajia mzee, si yako peke yako."

Namuuliza alichota wapi. Anasema juu ya rundo, pale penye mchanga mzuri. Hapo nikaona hata kipimo cha kesho kikiwa safi kitakuwa kipimo cha ndoo tu. Rundo lile limejengwa miaka mingi, mzigo wa duara hili, yaani shimo la kuchimbia, chini, wa duara lile juu yake. Namchorea kwenye bahasha: gawa rundo kwa miraba, toboa kila mraba kutoka juu, weka mchanga wa kila tundu kwenye mfuko wake, andika namba. Anaikunja bahasha na kuitia kwenye kofia. Sijui kama amekasirika au la. Wazee wa huko hawakuonyeshi.

Saa 11 jioni naosha bakuli mwenyewe, mara tatu, kwa mchanga wa silika, kijana amesimama pembeni anaangalia. Tunasaga upya namba 12 ya mzee na blanki mbili. Saa 12:30 chupa ya nne tena, pH 10.4, imetulia.

Saa 2:15 usiku niko jikoni, maharage motoni, simu inaita. Ni mzee, yuko kwa shemeji yake Chang'ombe ya hapa Dodoma.

"Binti, hayo matundu. Niyachimbe mpaka wapi?"

"Mpaka chini kabisa, mzee. Mpaka ukute udongo mwekundu wa asili."

"Na nikikuta maji?"

Nazima jiko, natafuta kalamu.