Karatasi ya Mzee wa Dagaa

Saa 12:30 asubuhi. Daladala ya Igoma imejaa. Nafika kazini, napokea zamu: malaria, kisukari, dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu.

Saa 3:10. Mzee muuza dagaa kutoka Mwaloni Kirumba anaingia ameshikwa mkono na binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kifua kinabana tangu alfajiri, kama nimebebeshwa gunia."

Jasho linamtoka. Sista anabandika waya na baada ya dakika chache karatasi ya umeme wa moyo iko mkononi mwangu. Mapigo ni mapana, zaidi ya vijumba vitatu vidogo, yaani sekunde 0.12. Tawi la kushoto la njia ya umeme limeziba.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa ya kuisoma karatasi. Zamani tawi likionekana jipya, lilihesabiwa kuwa mshtuko wa moyo, na wengine wakapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda bila sababu. Dawa hiyo inaweza kuvujisha damu ubongoni! Mwaka 1996 Elena Sgarbossa na wenzake walionyesha kwamba karatasi ya namna hii bado inasomeka. Tawi likiziba, pigo likienda juu, mstari unaolifuata hushuka. Pigo likienda chini, mstari hupanda. Hiyo ndiyo desturi yake. Pigo na mstari vikipanda pamoja, mstari ukapanda milimita 1 au zaidi, hizo ni pointi 5 kwa hesabu yao, na 3 zinatosha kuuita mshtuko wa moyo na kuchukua hatua.

Natazama V5 na V6, michoro ya waya za upande wa kushoto wa kifua. Pigo juu, mstari juu, milimita 2.

Binti anatoa kwenye pochi karatasi ya mwaka jana, maandishi yamefifia. (Karatasi hizi hufifishwa na joto, jamani, toeni kopi.) Tawi lilikuwa limeziba tangu wakati ule, ila mstari wa V5 ulishuka. Kilichobadilika ni mwelekeo wake.

Mzee anatafuna aspirini. Damu ya kupima troponini, protini inayovuja moyo ukiumia, tumechukua, lakini siisubiri. Saa za mwanzo inaweza kuwa bado haijapanda. Nampigia bingwa wa moyo, tunapitia presha na historia ya kuvuja damu.

Saa 3:40. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaingia mshipani.

Saa 5:10. Tunarudia kipimo. Mstari umeshuka zaidi ya nusu.

"Gunia limetuliwa," mzee anasema. Mkono wa sista hauachii.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Nimetoa kopi mbili za karatasi zote: moja iko kwenye faili, nyingine kwenye pochi ya binti.