Siku Moja Karakanani: Ngozi ya Sangara, Kutu na Nili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa niko Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nikichagua ngozi za sangara wakubwa kabla jua halijaziharibu, kwa kuwa vifuko vya magamba yao ni vipana na huonekana vizuri begani mwa makoti ninayobuni.

Kuanzia saa mbili, hapa karakanani, nakwangua nyama na mafuta, kisha naziloweka katika maji ya magome ya mgunga. Maji hayo hayapaswi kuwa ya moto, maana ngozi ya samaki husinyaa kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe. Tena huanza yakiwa mepesi na kukolezwa siku baada ya siku, kwani tanini, yaani ile dawa ya magome inayoivisha ngozi, ikianza kwa ukali hukaza uso wa ngozi na ndani hubaki mbichi.

Saa nne naigeukia marikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Naiviringisha juu ya misumari na vyuma chakavu, nainyunyizia siki, naifunika kwa nailoni. Kutu huchora mistari ambayo hakuna brashi inayoweza kuiiga, na pale kitambaa kilipopitishwa kwanza katika maji ya magome, chuma hukutana na tanini na kuzaa weusi mzito. Mbunifu wa mavazi Hussein Chalayan alizika nguo pamoja na vumbi la chuma kwa ajili ya mkusanyo wake wa kuhitimu chuo cha sanaa cha Central Saint Martins, London, mwaka 1993. Naamini alionyesha kwamba uozo nao ni fundi. Hata hivyo, chuma na asidi hula pamba, hivyo vipande vya jana navisuuza kwa maji ya magadi ili kutu ikome.

Saa nane ni zamu ya nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, niliyoichachua kwa chokaa na ndizi zilizoiva sana. Kitambaa hutoka kijani, kikapigwa na hewa, kikawa buluu machoni pako. Ngozi siitii humo: chokaa ingeiharibu.

Saa kumi nashona ngozi zilizokwisha kuiva. Tundu la sindano halizibiki katika ngozi, kwa hiyo nabana vipande kwa vibanio na kurefusha mishono. Patroni, yaani kiolezo cha kukatia, naichora baada ya kuzipanga ngozi, kamwe si kabla, na vifuko vya magamba sharti vielekee chini kutoka shingoni, ili mkono unaopapasa bega uteleze bila kukwama.