Siku moja na vihisi kwenye shamba la viazi

Saa 11 alfajiri naamka, nahesabu vihisi, vile vifaa vidogo vya kupima mwendo wa mwili; vyote vina chaji. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Saa 1 na nusu niko Uporoto, shambani.

Nyumbani wanadhani nauza saa. Ninachofanya ni kumvalisha mkulima kihisi mkononi na kingine kiunoni, kisha namrekodi video akiwa kazini. Kihisi kinapima mwendo kwa pande tatu, mara 50 kila sekunde. Mashine itajifunza kutokana na namba hizo kutambua nani anatembea, nani anachimba, nani amejitwisha ndoo. Data mojawapo inayotumiwa sana duniani kwa kazi hii ilitoka kwa watu 30 waliofungwa simu kiunoni wakatembea, wakapanda na kushuka ngazi, wakakaa, wakasimama, wakalala. Jembe halimo. Wala lumbesa.

Kabla ya kazi kila mtu huruka mara tatu mbele ya kamera. Mruko unaonekana kwenye video na kwenye grafu, ndipo tunapolinganisha muda. Leo bibi mmoja akanitazama: "Mwanangu, niruke na mjukuu mgongoni?" Nikaona aibu kumwomba tena. Akashika jembe.

Mpaka saa 7 ni viazi tu.

Mchana nikarudi Uyole kuweka lebo, yaani kuandika kila kipande cha data ni cha kazi gani, na hapo ndipo siku iliponilemea. Bila mruko, video ya bibi na grafu yake havikukubaliana. Modeli, yaani hiyo mashine inayojifunza, inasoma vipande vya sekunde mbili na nusu hivi. Muda ukipishana kiasi hicho, kuinama kunaandikwa kusimama, na mashine itaamini uongo wangu. Nikarudisha nyuma, nikasogeza mbele. Umeme ukakatika, ukarudi. Macho yanauma. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomwona akigonga jembe kwenye jiwe kutoa udongo, mara nne. Nikatazama grafu ya mkono: vilele vinne vyembamba, vimepangana vilevile. Niliruka kutoka kitini!

Giza limeingia, limebaki jambo moja. Orodha yetu ya lebo ina "kuchimba" na ina "kubeba mzigo". Mtoto anabadilisha mwendo wa kiuno, naona wazi kwenye grafu, lakini mtoto si mzigo. Nimeandika lebo mpya: "kuchimba, mtoto mgongoni". Kiongozi wetu anataka lebo ziwe chache. Kesho nitamwonyesha grafu.