Nilivyopanga malipo ya wakulima wanaotunza wanyamapori mashambani mwao

Nilipokabidhiwa kazi hii, kila mtu aliniuliza tutalipa kiasi gani. Mimi nilitaka kwanza tukubaliane tunalipia nini. Fidia ya kawaida humlipa mkulima mnyama akishaharibu mazao, kwa hiyo mnyama anabaki kuwa hasara tu. Uswidi iliachana na njia hiyo mwaka 1996 kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga kulungu wa nchi za baridi: hulipwa kulingana na idadi ya wanyama wala nyama, kama linksi (paka-mwitu mkubwa), wanaothibitika kuzaa kwenye malisho yao, hata kama hawajala mfugo wowote. Anayelinda mifugo yake vizuri hapotezi chochote, na mnyama akizaa, mfugaji anafaidika.

Nilipoeleza wazo hilo mkutanoni, mama mmoja aliinuka. “Mwanangu, nikiacha vichaka vyangu, halafu mvua isinyeshe na ndege wasije, nitakula nini?” Alikuwa na haki kabisa. Ndipo tukagawa malipo: theluthi mbili kwa kazi iliyofanyika, kama kutokata vichaka na kutolima ukingo wa kijito, na theluthi moja kwa matokeo.

Kupima matokeo ndiko kulikonichukulia muda mwingi, na sijutii. Nilitaka fomu ambayo mkulima anaweza kuijaza mwenyewe kabla mkaguzi hajafika, kwa hiyo tukatumia picha: nyayo, viota, kinyesi, mimea ya asili. Tulipoijaribu kando ya kijito, mzee mwenye shamba aliinama, akafunua nyasi na kunionyesha njia nyembamba iliyokanyagwa na wanyama wakienda kunywa maji. “Hii mbona haimo?” Tukaiongeza, na ikawa alama inayotambulika kirahisi kuliko zote.

Kuhusu bei, nilifuata mfano wa jimbo la Victoria, Australia, ambako kuanzia 2001 wenye ardhi waliandika wenyewe kiasi walichotaka kulipwa ili watunze uoto wa asili, na kukiwasilisha kwa siri. Shamba la mawe na shamba la rutuba hayagharimu sawa kuyaacha bila kulimwa, na anayejua tofauti hiyo ni mwenyewe. Vigezo vya kuchagua maombi tulivitangaza mapema, maana penye usiri hapo fitina huzaliwa haraka. Majirani walioomba pamoja, ardhi zao zikipakana, waliongezewa kidogo, kwa sababu mnyama anahitaji njia ya kupita.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya wale waliokuwa wakitunza vichaka tangu zamani bila kulipwa. Mhasibu alisema kuwalipa ni kupoteza fedha, wangetunza hata hivyo. Nilikataa katakata. Ukimlipa aliyefyeka jana na kumnyima aliyehifadhi miaka yote, unawafundisha watu kufyeka kwanza. Kwa kuwa fomu ilipima hali ya ardhi ilivyo, bila kuuliza imebadilika kiasi gani, waliingia kwa masharti yaleyale na kusaini mikataba pamoja na wenzao.