Beseni la sambaza

Leo mwili uligoma. Macho yalifunguka saa kumi na moja na nusu, mwezi mpevu bado unamulika dirishani, nikabaki nimekodolea bati kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Hali hiyo naifahamu. Naiandika mapema, kabla haijanizoea tena.

Vitabuni inaitwa sonona. Huku kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, sijasikia mtu akitumia neno hilo. Tunasema fulani ana mawazo, na hali ikiwa mbaya, mawazo yamemzidi. Zamani niliona huo ni usemi wa watu wasiosoma. Baadaye nikajifunza kwamba Washona wa Zimbabwe nao wanasema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kwamba daktari Dixon Chibanda alipoanza kazi yake ya mabenchi kule Harare mwaka 2006, aliwakalisha juu yake bibi wa mtaani. Bibi, siyo madaktari. Wanamsikiliza mwenye mawazo, kisha wanamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Mimi sikupata benchi. Nilipata beseni.

Yangu yalianza 2025. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari, benki zikafungwa, na mimi ni mwalimu, mshahara wangu unapitia huko. Sikulia wala sikugombana na mtu. Niliacha tu vitu kimoja kimoja: kwanza kwaya, halafu kunyoa ndevu, halafu kusalimia watu njiani. Jioni nilikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo ili nilale, na kweli nililala, ila saa nane usiku nilikuwa macho, moyo unadunda. Pombe inakukopesha usingizi wa mwanzo, kisha alfajiri inakuja kudai na riba.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniuliza: "Ni tangu lini hakuna kitu kinachokufurahisha, karibu kila siku?" Nikahesabu. Ilikuwa inakaribia miezi miwili. Akasema wiki mbili za namna hiyo zinatosha mtu kuja kuonana nao. Akanipa na mashauri: nitembee, nipate mwanga wa asubuhi, niamke saa ile ile kila siku, nipunguze pombe, nisijifungie ndani. Yote ni kweli tupu. Niliyafanya siku tatu. Ya nne nikasema kesho. Mawazo yana ujanja huo: yanaanza kwa kula zile nguvu ambazo ungetumia kuyafukuza.

Kilichonitoa ni goti la jirani. Ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, goti lilimvimba, akaja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, darasani unaingiaka saa moja na nusu. Mbele ya pale unafanyaka nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikashuka naye ziwani.

Asiyewahi kuona wavuvi wa Kivu wakirudi asubuhi amekosa kitu. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa walizovutia samaki usiku kucha zimezimwa, wanaume wanapiga kasia kwa wimbo mmoja. Sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani atakubali kwamba siyo samaki wetu? Mama anabishana bei, beseni linajaa, mimi nalipandisha mlima. Mwanaume na beseni la samaki kichwani! Wiki ya kwanza wanafunzi wangu walicheka hadi wakachoka. Malipo yangu ni viganja viwili vya sambaza.

Kwenda na kurudi ni karibu saa nzima. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa kutoka jasho kidogo kwa wiki. Sisi tunazimaliza siku ya tatu, na kwa maoni yangu milima ya Kadutu ingehesabiwa mara mbili. Jua la hapa linachomoza kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima, linanikuta njiani, na mwanga huo wa asubuhi ndio unaoupangia mwili saa zake. Baada ya kama wiki tatu, usingizi ulianza kunijia wenyewe saa tatu usiku, bila kasiksi.

Lakini sikuwa naamka kwa ajili ya afya. Naamka kwa sababu kuna mtu mlangoni na samaki watakaooza. Ni kama likelemba, ule mchango wa kupokezana: siku ya kutoa hausemi moyo hautaki, wenzako wameshatoa zao. Tangu hapo nimejitafutia madeni ya namna hiyo kwa makusudi. Nimerudi kwaya, ambako sauti ya chini tuko wawili tu, nikikosa mwenzangu anaaibika. Jumapili nakula maharagi kwa dada yangu, na anapika ya kunitosha nije nisije. Simu binti yangu anaichukua saa mbili usiku na kuificha, nadhani kwenye gunia la makaa, maana inarudi na vumbi jeusi. Habari za risasi zitanisubiri.

Usingizi wa kutosha ndio umenishinda. Umeme ukija saa saba usiku, mtaa mzima unaamka kupiga pasi na kuchaji simu. Naamka na mimi. Nitafanyaje?

Na nina rafiki aliyekuwa na kwaya, na ndugu, na miguu mizuri kuliko yangu, bado mawazo yakamzidi hadi akawa anazungumzia kufa. Tulimpeleka SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, yuko kwenye dawa, anaendelea vizuri. Kumwambia yule "tembea-tembea kidogo" ingekuwa kumtukana.

Basi, leo asubuhi. Usiku wa mwezi mkubwa sambaza hawafuati taa, wavuvi wanarudi mikono mitupu. Hilo kila mtu hapa analijua. Nikajiambia: hakuna samaki, hakuna beseni, hakuna anayenidai. Nikavuta blanketi hadi puani.

Saa kumi na mbili kasoro, mlango ukagongwa.

"Mwalimu!"

"Mama, mwezi umejaa. Leo hakuna sambaza."

"Najua. Njoo tushuke."

Nikatafuta viatu. Nilipofungua, alikuwa amesimama pale na beseni tupu kiunoni, anaegemea goti lile zima.