Siku moja maabara ya seli za jua, Mwanza

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala kutoka Igoma. Jirani kaniomba tena nikamfungie paneli kwenye bati, kama kila wiki. Paneli hizo ni za silikoni. Mimi ni fundi wa maabara, natengeneza seli za jua za plastiki.

Saa 2 mpaka saa 4 ni kuosha vioo tu. Alama moja ya kidole inaharibu seli.

Saa 5 nadondoshea kioo tone la plastiki iliyoyeyushwa, la rangi ya chungwa, mashine inakizungusha kwa kasi, tone linatandaa na kukauka. Utando unaobaki una unene wa nanomita 100 hivi. Unywele wako unauzidi mara mia kadhaa. Mwanga ukiingia humo huzaa jozi ya chaji zilizoshikana, na jozi hiyo husafiri nanomita 10 hivi tu kabla ya kupotea. Mwaka 1986 mwanasayansi Ching Tang alilaza tabaka mbili, moja juu ya nyingine, ili jozi zitengane kwenye mpaka wa tabaka hizo na kutoa umeme. Akapata ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, wa asilimia 1 hivi, kwa sababu jozi nyingi hazikuufikia mpaka huo. Tangu miaka ya 1990 tunachanganya polima (ndiyo plastiki yenyewe) na fulereni, molekuli za kaboni zenye umbo la mpira, ndani ya utando mmoja, zisokotane, ili popote jozi inapozaliwa mpaka huo uwe jirani. Maabara bora duniani, zinazotumia molekuli nyingine badala ya fulereni, zimeshavuka asilimia 19. Sisi tunahangaika na muda wa kuoka utando kwenye nyuzi 150, maana joto ndilo linalopanga msokoto huo, na utando unageuka zambarau ukiutazama.

Mchana ni zamu ya alumini, tabaka la juu linalochukua umeme. Seli zinaingia kwenye chemba, pampu inanyonya hewa kwa masaa. Shinikizo limeshuka vizuri, umeme ukakatika! Nikafunga valvu mbio. Kufungua chemba haiwezekani: oksijeni na unyevu huozesha utando, na hapa ziwani unyevu haukosekani. Mshale wa geji ukaanza kupanda, kidogo kidogo. Jenereta ikanguruma, ikazima. “Mafuta yamekwisha, dada,” mlinzi akasema, “na mwenye funguo za stoo kaenda Nyegezi.” Tukapiga simu, hapokei. Tukapiga tena. Mgongo unauma, njaa imeshapita yenyewe, na mimi siwezi kutoka kwenye ile geji.

Umeme ulirudi jua limeshazama. Pampu ikaanza upya.

Usiku huo, chini ya taa ya kupimia, seli bora ilisoma asilimia 3 na ushei, juu ya ile ya wiki iliyopita. Nilimwita mlinzi aione grafu. Kesho naongeza dakika za kuoka.